Bi Tiketi dirishani: Basi lina ratiba, bahari nayo ina yake

Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa miaka 19 nyuma ya kioo cha tiketi katika steshini ya mwisho ya njia, ile ambayo abiria akishuka anasikia mawimbi kabla hajauliza njia. Gari langu mwenyewe sijawahi kuwa nalo. Barua za mwezi huu karibu zote ni za kwenda ufukweni kwa usafiri wa abiria, na ya kwanza inanishtaki. Tuanze nayo.

SWALI: Shikamoo Bi Tiketi. Toleo lililopita ulituambia tupande basi la asubuhi tufike ufukweni kabla ya watu. Nikakusikiliza. Nikachukua watoto watatu na mama yangu mzazi, tukafika saa 4 kamili, na bahari haipo! Maji yako mbali kule kama mstari, huku kwetu ni tope na mawe yenye majani ya kuteleza. Tumekaa saa nne tunangoja. Maji yalipoanza kufika pazuri, saa 8 hiyo, basi letu la kurudi likapiga honi. Jumapili yangu nani atanirudishia?
— Mama wa watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole. Kosa ni langu. Nilijaza ukurasa mzima kwa habari za basi, bahari nikaichukulia kama jengo, kwamba ukifika utaikuta palepale.

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12, kwa kukadiria. Zile dakika 50 zinazozidi siku ndizo zinazotuponza. Basi la saa 3 litabaki la saa 3 mwaka mzima, ila maji ya leo na ya kesho yamepishana kwa karibu saa nzima. Sasa piga hesabu ya wiki: siku 7 mara dakika 50 ni dakika 350, hazifiki saa 6 kwa dakika kumi tu. Huo ni karibu muda wote wa kutoka kupwa hadi kujaa. Kwa hiyo kama Jumapili yako saa 4 asubuhi maji yalikuwa yamepwa kabisa, Jumapili iliyofuata yalijaa kama saa 3 na dakika 40 asubuhi. Basi lilelile na ufukwe uleule, na watoto wangerukia majini hata viatu hawajavua.

Kinachouma zaidi ni hiki. Maji hayaendi kwa mwendo mmoja. Mabaharia wana hesabu yao ya kugawa kina cha maji yanayoingia mafungu 12: saa ya kwanza baada ya kupwa huingia fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Saa mbili za katikati peke yake zinaleta nusu ya maji yote. Ulipopanda basi saa 8, mafungu 9 kati ya 12 yalikuwa yamesharudi. Umengoja mpishi apakue, chakula kikafika mezani ukasimama.

Siku kama ile ungetoka nyumbani baada ya adhuhuri. Kipimo changu mimi: fika saa mbili kabla ya maji kujaa, ondoka saa mbili baadaye. Hizo ni saa nne za maji mazuri, na watoto wadogo hawahitaji zaidi. Kama unataka kuokota makombe na kuonyesha watoto kaa na viumbe wa kwenye vidimbwi vya miambani, geuza hesabu, nenda wakati wa kupwa. Lakini hapo vaa viatu vya kukanyagia mawe, na geuka kurudi mara maji yanapogeuka, maana saa zile mbili za katikati hazina huruma na mtu aliye mbali na ufukwe.

Tazama na mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, ndipo panapokuja bamvu: maji yanapanda sana na kushuka sana. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwenye ufukwe mpana usio na mteremko, kupwa kwa bamvu ndiko kunakoondoa bahari machoni kama ilivyokutokea. Siku za maji mafu unaweza kukosea saa na bado ukapata pa kuogelea.

Ratiba ya maji hutolewa na mamlaka za bandari, na programu nyingi za simu zinayo. Hakikisha tu imeandikwa kwa bandari iliyo karibu na ufukwe wako. Ukiona mvuvi, muulize yeye. Na kuna sehemu hesabu hizi hazina kazi: Bahari ya Mediterania, kwa sehemu kubwa, inapanda na kushuka kwa sentimita chache hadi makumi machache tu, mtu asiyetazama kwa makini hata hatambui. Kinyume chake ni Ghuba ya Fundy huko Kanada, ambako tofauti ya kupwa na kujaa inaweza kufika mita 16. Hilo ni jengo la ghorofa tano, linajazwa na kumwagwa mara mbili kwa siku.

Jumapili siwezi kukurudishia. Mama yako mzazi mpe salamu zangu, na umwambie aliyekosea ni mimi.

SWALI: Bi Tiketi, kwenye njia yetu kila mtu hushuka kituo cha kwanza bahari inapoonekana. Mimi nishuke wapi?
— Kijana wa kiti cha dirishani

JIBU: Vituo viwili au vitatu mbele. Watu wakiona maji hushikwa na haraka, wanasimama wote kama waliotekenywa, na basi linabaki tupu. Kaa. Nimewahi kuhesabu kutoka dirishani kwangu: kwa kila watu kumi waliokuja kukata tiketi ya kurudi wakilalamika kwamba ufukwe ulijaa watu, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika kituo cha mbele.

Njia nyingine zimejengwa kama vile waliozibuni walikuwa na ushauri huu mkononi. Tramu ya pwani ya Ubelgiji inafuata bahari karibu kilomita 67, kutoka De Panne hadi Knokke, yaani pwani yote ya nchi ile unaimaliza kwa tramu moja, na kila baada ya muda mfupi kuna kituo. Kutoka Barcelona kuna reli ya kwenda Mataró, iliyofunguliwa mwaka 1848, ya kwanza katika Hispania bara. Inapita kando ya mchanga kabisa, na vitongoji vimepangana juu yake kama shanga. Mjini kwenyewe fukwe zimejaa watu, na kila steshini unayopita wanapungua.

Angalia mambo mawili kabla hujanisifu. Kituo cha mbele mara nyingi hakina choo wala waokoaji. Na hesabu mabadilisho. Ukienda Bondi, kule Sydney, treni haifiki mchangani. Unashuka Bondi Junction unapanda basi. Coney Island, New York, treni ya chini ya ardhi inakupeleka moja kwa moja hadi mwisho wa njia, na bahari unaifikia kwa miguu. Mimi nikiwa na haraka ningechagua ufukwe wa mbali usio na kubadilisha kuliko wa karibu wenye kubadilisha mara mbili, kwa sababu jioni mabadilisho hayo hayo yanakungoja tena, na wewe umechoka, umelowa, na umebeba mtoto aliyelala.

SWALI: Shikamoo mama. Nimeachwa na basi la mwisho mara mbili mwaka huu, mara zote mbili nikitoka ufukweni. Mume wangu anasema nina mkosi. Ni kweli au ni mimi?
— Mwenye mkosi

JIBU: Marahaba. Ni wewe, lakini usijali, na mimi ni mwenzako.

Nilikuwa mkatisha tiketi mwaka wa nane, najiona nimeshaijua kazi. Siku ya mapumziko nikapanda gari kwenda ufukwe wa mbali, nikakariri: la mwisho ni saa 1 na robo usiku. Saa 1 kamili niko kituoni nimechana nywele, natabasamu. Saa 2 bado niko pale. Alipita mzee mmoja na baiskeli akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia basi. Akaelekeza kidole kwenye ubao wa ratiba, kwenye kinyota kidogo kilichochapwa kando ya saa 1 na robo, kisha chini kabisa, kwenye maandishi madogo kama mchwa: isipokuwa Jumapili na sikukuu. Siku ile ilikuwa sikukuu. Mimi, niliyeshinda nikiwaeleza watu maana ya kinyota kile! Nilitembea saa mbili na nusu gizani.

Tangu hapo napanga safari kuanzia mkiani. Kwanza naandika gari la mwisho la kurudi, la siku ile hasa ninayokwenda. Kisha nalifuta. Nalichukulia kama halipo, naweka nia kwenye linalolitangulia. Likijaa au likiharibika, bado nina la akiba. Baada ya hapo ndipo natazama maji yanajaa saa ngapi, nikiona saa za maji mazuri zinaangukia baada ya gari langu kuondoka, nabadilisha siku. Gari la kwenda nalichagua mwisho kabisa. Watu wengi wanaanza na hilo, ndiyo maana wanafika vizuri na kurudi vibaya.

Halafu kuna jua kuzama. Hapo ufukwe mzima unakumbuka nyumbani kwa dakika moja. Nilikuwa nawaona wanakuja dirishani kama bamvu, noti zimelowa nazibandika kwenye kioo zikauke, na nyuma ya foleni watu mia wanaoniambia nifanye haraka. Ondoka dakika arobaini kabla ya jua kuzama, au ukitaka kulitazama likizama, tembea kurudi nyuma hadi kituo ambako gari linaanzia, ulitazamie hapo. Atakayepandia njiani atasimama, na siku mbaya gari litampita.

Tiketi ya kurudi kata asubuhi ukiweza. Usipoweza, nauli ya kurudi itenge, iweke mahali ambapo mkono hauendi kwa mazoea. Mimi naishonea mfuko mdogo upande wa ndani wa kiuno. Pesa hiyo haikopeshwi wala haipigwi hesabu, hata aje nani.

SWALI: Habari za kazi Bi Tiketi. Huwa nakwenda ufukweni peke yangu kwa basi. Kwa kuwa sina gari la kufungia vitu, simu na pesa naacha wapi nikiingia majini?
— Msafiri pweke

JIBU: Nzuri. Jibu la kwanza ni kwamba usije navyo. Mwenye gari anabeba nusu ya nyumba kwa sababu ana buti. Wewe buti lako ni bega. Beba simu moja, ufunguo mmoja, pesa ya siku na nauli. Nunua mfuko wa plastiki usioingiza maji wenye kamba ya shingoni, na kabla hujauamini na simu, tia karatasi laini ndani, uzamishe kwenye ndoo nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, endelea. Kinachobaki ufukweni kiwe nguo na taulo tu, na ukiweke karibu na familia yenye watoto wadogo. Ukiwaomba wakutazamie watakutazamia, na mama mwenye watoto majini hafungi macho. Juu ya mstari wa majani makavu tafadhali, maana mstari ule ndipo maji yalipoishia mara ya mwisho. Watu waliokuja dirishani kwangu na kiatu kimoja walikuwa wengi, na wote waliapa kwamba walikiacha pakavu.

Lakini wewe hukuniuliza lililonishtua, neno lako «peke yangu». Simu ikipotea utanunua nyingine.

Tafuta bendera. Katika nchi nyingi, bendera mbili zenye nusu nyekundu na nusu njano zinaonyesha eneo ambalo waokoaji wanalitazama. Ogelea kati yake. Nyekundu tupu, usiingie, hata maji yakionekana mazuri. Ya zambarau inaonya juu ya viumbe wenye madhara, kama yavuyavu wanaochoma. Usipoona bendera wala mwokoaji na uko peke yako, ishia maji ya kiunoni. Najua inaudhi. Ishia kiunoni.

Na ujifunze kuusoma mkondo. Mawimbi yanasukuma maji ufukweni, na maji hayo lazima yarudi. Yanakusanyika, yanatafuta mwanya kati ya marundo ya mchanga yaliyo chini, yanatoka kwa nguvu. Kwa macho, pale kwenye mkondo panaonekana patulivu: mawimbi hayavunjiki, maji ni ya rangi nzito kidogo kuliko kando yake, pengine povu linaelea kwenda nje badala ya kuja. Mtu asiyejua kuogelea vizuri anakimbia mawimbi, anapachagua palepale. Mkondo wenye nguvu unaweza kwenda mita 2 kwa sekunde, na hakuna mtu wa kawaida anayeogelea hivyo. Hauzamishi mtu, unampeleka mbali tu. Anayezama huzama kwa kuchoka akipigana nao. Ukikushika, elea, inua mkono, pumua. Ukiwa na nguvu ogelea sambamba na ufukwe mpaka uhisi umeachiwa, ndipo urudi kwa mshazari, pale mawimbi yanapovunjika. Na ukimwona mwenzako ameshikwa, mrushie kitu kinachoelea, mwite mwokoaji, usimfuate mikono mitupu.

SWALI: Dereva amenikatalia kupanda kwa sababu nguo zimelowa. Ana haki?
— Aliyelowa

JIBU: Sijui kuhusu haki, ila kiti kile ndicho atakachokalia abiria wa asubuhi. Beba nguo kavu hata moja ya kubadilisha, na usifute mchanga ukiwa umelowa, unajipaka. Acha ukauke dakika kumi, paka poda ya watoto, pangusa, unadondoka wenyewe. Niliwahi kufagia mchanga wa kujaza ndoo kwenye chumba changu cha tiketi, na mimi nilikuwa ndani ya kioo!

SWALI: Bi Tiketi, basi letu linatushusha barabarani, na kati ya barabara na bahari ni kuta na mageti matupu. Walinzi wanasema ufukwe ni wa wenye nyumba. Bahari nayo ina mwenyewe?
— Tuliozuiwa

JIBU: Swali lenu ni la zamani kuliko mageti hayo. Sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian mwaka 533 zilitaja hewa, maji yatiririkayo, bahari na fukwe zake kuwa vitu vya watu wote. Nchi nyingi bado zinafuata mkondo huo. Hispania, kwa mfano, ina sheria ya pwani ya mwaka 1988 inayosema wazi kwamba ufukwe ni mali ya umma. Tatizo mara nyingi liko kwenye njia ya kuufikia: mchanga ni wenu, ila kiwanja mnachokatiza kina mwenyewe. Kila nchi ina mpaka wake, kwa hiyo ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa njia ya umma iko wapi, maana kwenye ramani za mipango miji njia hizo huonyeshwa.

Wakati mnangoja kujibiwa, pandeni basi la kwanza kabisa la asubuhi. Halina watalii. Lina wavuvi na watu wanaokwenda kazini katika nyumba hizo hizo. Shukeni wanaposhuka, tembeeni nyuma yao. Mimi nimeonyeshwa vichochoro vitatu kwa njia hiyo, kimoja chembamba hadi nilipita ubavu.

SWALI: Shikamoo. Baba yangu ana miaka 81, magoti yamekataa mchanga. Anataka kuiona bahari tu. Nimpeleke wapi?
— Binti yake

JIBU: Marahaba, binti. Kwanza ulizia kama ufukwe wenu una kiti cha magurudumu mapana, yale yanayopita kwenye mchanga. Baadhi ya fukwe wanakiazima. Kama hakuna, mchanga wenyewe uache. Chagua chombo ambacho safari yake ndiyo matembezi. Kivuko ndicho bora: pale Sydney watu hupanda cha kwenda Manly nusu saa, wakakaa nje, wakala upepo, na wengine wanageuza nacho bila kushuka. Kama ni treni au tramu ya kando ya bahari, safirini katikati ya wiki, kati ya saa 4 na saa 8, viti viko wazi na hakuna anayesukumana mlangoni. Ulizia kabla kama sakafu ya behewa iko sawa na jukwaa, na kama kuna ngazi kituoni.

Kisha fungua ramani uone bahari itakuwa upande gani. Kwenye ile reli ya Barcelona kwenda Mataró niliyoitaja, bahari iko kulia wakati wa kwenda. Mkalishe dirishani, wewe ukae upande wa njia. Mkifika mwisho mshushe anyooshe miguu, mnunulie kitu cha kunywa, na mkipanda kurudi usimwache akae palepale kwa mazoea. Mhamishie kushoto.